Nilimtanguliza Pasta

Jamani, mkinicheka, chekeni polepole. Mimi nachapa karatasi dukani hapa mtaani Wandegeya. Kompyuta yetu imezeeka kuliko barabara, haina pa kubofya. Unaiandikia amri kwenye skrini nyeusi. Bosi wangu Nakato alinionya: "Ssebo, bwana wee, idadi kwanza, jina la faili baadaye. Namba inashika faili inayoifuata; isiyo na namba inatoka nakala moja."

Jumamosi Pasta wa kanisa la Wakongo akaleta ratiba ya harusi, nakala mia mbili. Mimi nami nilikuwa na barua yangu ya siri, nakala moja tu, ya kumwambia Sista Noella wa kwaya kwamba mapenzi yamenikondesha kama waya.

Faili ya ratiba nikaiita pasta, ya barua nikaiita noella. Sasa mimi nikachanganyikiwa. Mtu mzima kama Pasta unamtangulizia vipi namba kabla hujamwita jina? Kwetu unaita kwanza, ndiyo unaomba. Nikaandika: pasta, mia mbili, noella. Mashine ikanguruma kama ndege. Ikatoka karatasi moja, nikaikunja mfukoni nikijua ndiyo barua. Lile furushi lililofuata nikalifunga bila kulitazama, nikampelekea Pasta.

Harusini karatasi zikagawiwa. Mbona watu wote wananiangalia mimi, bibi harusi wamemwacha? Pasta akavaa miwani, akasoma kwenye maiki: "Wapendwa, tufungue na wimbo, 'Noella, mandazi yangu ya moto'..."

Akageuza karatasi, akairudisha, akatafuta mistari mingine.

Noella akasimama kwenye kwaya: "Pasta, hiyo wimbo hatujafanya mazoezi. Muulize mwenye ameweka jina yake hapo chini."