Jenerali wa Vyura

Harufu ya naftalini ikinipata popote, iwe kwenye kabati la mtu au kwenye marobota ya mitumba, narudi sebuleni kwa Babu, Lipangalala, nikiwa msichana wa darasa la tatu ninayekodolea macho barua ya Rais. Cheka ukitaka. Nyumba nyingine pale mtaani zilikuwa na Moyo Mtakatifu ukutani, sisi tulikuwa na barua. Juu walisimama Bwana na Bibi wa nembo ya Taifa, katikati yakafuata maneno mazito kwamba Rais na Amiri Jeshi Mkuu amemteua Babu kuwa luteni, na chini kabisa ilikuwapo sahihi yenyewe, kwa wino wa bluu, imekwenda mbio kama panya aliyefumwa ghalani.

Aliyeitia kwenye fremu ni Baba. Babu mwenyewe alikuwa ameikunja ndani ya sanduku la sare zake, katikati ya naftalini, na akiulizwa habari za ule uteuzi alisema tu kwamba jeshini alijifunza kuamka mapema. Baba, aliyekuwa na kazi ya ofisini Morogoro, hakupenda jibu hilo. Kila akija likizo aliifuta barua vumbi kabla hata hajanywa maji, na mimi nilimshikia kitambaa kwa heshima kama mtumishi wa altare.

Babu alifariki masika, mashamba ya mpunga yakiwa yamejaa maji na vyura wakipiga kelele usiku kucha. Kwetu mtu akifa, wenye shughuli ni watani. Wanachimba kaburi, wanateka maji, wanapika, na huku mikono ikifanya kazi midomo inatukana: wanamwigiza marehemu alivyotembea, wanasema alikuwa mchoyo, wanateka vitu vyake mpaka wafiwa wavikomboe kwa kuku. Wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Mtani hanuniwi, ndivyo Bibi alivyozoea kusema.

Lakini siku hizo Bibi hakuwa anasema lolote. Tangu Babu alipokata roho alikaa mkekani ameuelekea ukuta. Uji uliletwa ukapoa, chai ikaletwa ikapoa, na shangazi zangu wakaanza kunong'ona kwamba huenda tungechimba makaburi mawili.

Watani wetu walivuka mto kwa pantoni. Aliyewaongoza ni mama mmoja mwembamba aliyeitwa Mama Tegemea, mwenye sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Vijana wake walikwenda moja kwa moja kuchimba kaburi. Yeye akaingia ndani, akatoka amevaa koti la jeshi la Babu, mpini wa jembe begani, na ile fremu imening'inia kifuani kwa kamba ya katani. Akapiga kwata uani akichechemea vilevile alivyochechemea Babu. Kisha akaishika barua juu chini, kwa kuwa hakujua kusoma, akaisoma kwa sauti kubwa: Rais amemteua mvivu huyu kuwa Jenerali wa Vyura wa bonde lote la Kilombero, mshahara wake pumba, na amri ya kwanza ni kwamba mkewe ale, maana jenerali hawezi kumlinda mjane mwenye njaa.

Bibi akageuka. Alicheka kwanza puani, kama mtu anayepiga chafya, halafu akacheka kweli mpaka machozi yakamtoka, akanyoosha mkono na kuomba uji.

Saa hiyo hiyo Baba alikuwa akiingia uani na maofisa wa jeshi waliokuja kuzika. Nilimwona uso ukimbadilika. Alimfuata yule mama, akaivuta fremu, kamba ikakatika.

"Weka chini, mama. Hii ni sahihi ya Rais, si kitu cha kuchezea."

Mmoja wa maofisa alikuwa ameanza kucheka. Akaacha.

Mama Tegemea alivua koti polepole, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kinu. "Sawa, baba," alisema. "Basi mzikeni na huyo Rais."

Watani wakaondoka wote. Kaburi lilibaki nusu, na udongo wetu mweusi ukaanza kuvuja maji. Ilibidi maofisa wavue makoti, wachimbe wao pamoja na baba zangu wadogo. Maziko yenyewe yalipendeza, tarumbeta ililia, Baba akaisoma barua mbele ya watu bila kukosea neno. Nami nilijaa fahari. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Bibi aliugeukia tena ukuta, na uji wake ukaisha kwa kuku.

Hakufa wakati ule. Aliishi miaka mingine mingi, ila kimyakimya, kama mgeni nyumbani kwake. Wazee walimwambia Baba avuke mto na kuku akaombe radhi. Akajibu kwamba haombi radhi kwa kulinda heshima ya baba yake. Mimi nilikuwa upande wake. Nilikuwa mtu mzima, nimeshazika watu wangu mwenyewe, ndipo nilipoelewa kwamba yule mama hakuja kumdharau Babu. Alikuja kumtafuta Bibi, aliyekuwa amepotelea kule ukutani, na alikuwa ameshampata.

Bibi alipofariki, mambo yalikwenda kwa utaratibu. Palikuwa na mahema ya kukodi, viti vyenye vitambaa vyeupe na ratiba iliyochapwa. Vijana wa kukodiwa walichimba kaburi wakiwa wameziba masikio kwa muziki wa simu zao. Hakuna aliyetutania. Baba, mzee sasa, alikaa karibu na njia, na kila pikipiki iliposimama alinyanyua kichwa. Mchana akaniita nimsogelee.

"Wale wa ng'ambo hawajafika?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

Daraja lilikuwa limekwisha kujengwa. Kuvuka hakukuwa kazi tena. Nilivuta kiti, nikakaa naye pale njiani, tukisubiri waje watutukane.