Kalafati Kwenye Kioo

Mimi watu wa kuchezea maji siwapendi. Maji ni ya kunywa, ya kutawadhia na ya kuelea vyombo juu yake. Mtu mzima anayeyafungia maji ndani ya kioo, akayapandia majani, halafu akavuta kigoda akayakodolea macho, huyo kwangu hana tofauti na mtoto anayefinyanga tope. Nilimwambia hivyo Bonaventura wiki ileile aliyohamia nyumba ya jirani hapa Mtanda, na nilimwambia mbele ya mkewe Consolata, makusudi, ili naye asikie ameolewa na nani.

Nina haki ya kusema. Naitwa Abdulatifu, fundi kalafati. Mashua ikiundwa, ubao na ubao hazikutani sawasawa hata seremala awe nani, upenyo hubaki. Upenyo ule naujaza mimi. Nasokota pamba, nailowesha mafuta ya papa, naisukuma ndani kwa patasi na nyundo mpaka maji yakose njia. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yangu. Miaka arobaini, hakuna chombo nilichokitia mkono kikarudi kinavuja. Kimoja tu, na hicho mwenyewe alikigonga mwambani akanisingizia mimi, mshenzi yule.

Sasa huyu Bonaventura kwao ni Newala, juu kule uwandani kusiko na mto. Enzi za utoto wake kina mama walikuwa wakishuka bondeni alfajiri kuchota maji na kurudi jua limepanda, mtungi mmoja kichwani. Mtu aliyekulia kwenye kiu kama ile ndiye aje Lindi kutufundisha sisi maji! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Alikuwa karani wa stoo katika shirika moja la korosho. Ulipokuja wakati wa ruksa, biashara zikaachiwa huru, shirika likauzwa, watu wakapunguzwa kazi, na yeye akiwamo. Vitu vya ofisi vikapigwa mnada. Wenzake wenye akili walichukua meza, makabati, mashine za kuchapia. Yeye akachukua tangi la samaki lililokuwa chumbani kwa meneja, tangi la kioo lililoachia pembe mbili, ambalo hata dalali aliona haya kulinadi. Na meneja yule naye, msinikumbushe. Wakulima wanashinda mlangoni na magunia yao, yeye ndani anawatupia samaki wa rangi chakula kwa vidole viwili.

Basi Bonaventura akaanza kulifufua tangi lake barazani, na mimi barazani kwangu nikaanza kumcheka. Asubuhi nzima anakwangua gundi kuukuu kwa wembe, polepole, kama anamnyoa bwana harusi. Halafu anasugua vioo kwa ndimu kutoa chokaa. Halafu anapangusa kingo zote kwa spiriti, mara mbili, mara tatu. Halafu anapaka gundi mpya, ile ya kwenye bomba inayonuka siki, aliyoiagizia Dar es Salaam, nayo ikakaa njiani wiki mbili kwa sababu basi lilikwama Rufiji. Akishapaka anakaa siku tano bila kuligusa.

"Shikamoo, mzee," ananiambia kila asubuhi.

"Marahaba. Bado unajenga bahari?"

"Siyo bahari, mzee. Ni maji baridi."

Maji baridi! Samaki wenyewe vidagaa vya matopeni, alivifuata Rutamba kwa lori, pamoja na majani anayoyang'oa na mizizi yake kana kwamba ni miche ya mikorosho. Mchanga wa pwani, uliojaa bure hapa kila mahali, hautaki. Eti una chumvi na vipande vya makombe, majani yatadhoofu. Anakwenda kuchota mchanga wa mtoni, anauosha. Maji ya kisima hayataki. Anakinga ya mvua. Niliwahi kumuuliza faida yake nini. Akanijibu, "Mzee, kwetu sikuwahi kuona maji yametulia. Yalikuwa yanakuja kichwani kwa mama, yanamwagwa kwenye sufuria, yamekwisha." Nikamwambia aende akamwambie padri wake maneno hayo, mimi nina kazi.

Lakini watu wa mji huu ni wepesi kupumbazwa. Mwalimu mmoja akaliona lile tangi limesimama, majani yamechanua ndani, akataka la kwake. Mwenye duka la dawa akafuata. Mwisho akaja Majid.

Majid huyu nilimjua anauza viberiti kwa sinia. Ruksa ikamkuta tayari: akaleta mitumba, akaleta redio, akajenga nyumba ya wageni ya ghorofa moja. Mapokezini akataka tangi la samaki, kubwa, refu kama jeneza, alilolinunua limetumika huko Dar likamfikia pembe zimeachia. Akamwambia Bonaventura: lisimame safi siku ya ufunguzi, samaki wazima, nami nitakuajiri kulitunza na kuangalia nyumba, na chumba cha uani ukae na mkeo. Consolata alishasema wazi, ukuta wetu mwembamba nilimsikia: kazi isipopatikana safari hii, wanarudi Newala kulima kwa kaka yake. Bonaventura alikuwa na miaka hamsini na mbili. Kurudi kwa kaka yako na umri ule, na jembe la kuazima, kila mtu anajua maana yake.

Alilikwangua, akalisafisha, akalipaka gundi. Siku ya pili tu Majid akaja kupiga kelele: ufunguzi Ijumaa, anataka kuona maji. Bonaventura akamwambia gundi bado mbichi. Majid akasema yeye hakulipia maelezo. Basi likatiwa maji, yakapandwa majani, wakatiwa samaki thelathini. Alhamisi mchana pembe ya chini ikaanza kudondosha. Tone. Tone. Tone.

Mimi nilikuwapo. Nilikwenda kucheka, nisiwe mnafiki.

"Lazima limwagwe, likauke, nipake upya," Bonaventura akasema, uso umemshuka. "Nahitaji wiki. Bwana Majid yuko Mitwero kwenye matofali yake, naenda kumwomba asogeze siku. Mzee, nakuomba unikalie hapa. Beseni likijaa, badilisha. Lakini usiliguse."

Usiliguse. Mimi! Ananiambia mimi nisiguse kitu kinachovuja!

Nilikaa na lile tone kama saa nzima. Nyinyi hamuwezi kuelewa. Tone la maji kwa fundi kalafati ni tusi, na kila linapodondoka linatukana upya. Nikasema moyoni, mtoto wa Newala huyu hajui, amehangaika na mabomba ya Dar na siki zake, na dawa iko mkobani mwangu. Na niseme ukweli wote, nilitaka arudi aone. Nilitaka aseme mbele ya watu, mzee Abdulatifu kumbe wewe ndiye fundi.

Nikachota maji ya juu mpaka nusu. Nikatoa pamba, nikaisokota nyembamba kama uzi wa tasbihi, nikailowesha mafuta ya papa mpaka ikanywa, nikaisukuma ndani ya ule upenyo kwa ncha ya kisu, ndani na nje, pembe nzima. Nikapaka mafuta juu yake. Nikarudisha maji. Nikangoja.

Halikudondosha tena. Wallahi, hata tone.

Bonaventura alirudi anatembea haraka, anatabasamu, jambo ambalo sikuwahi kumwona nalo. Akatazama beseni. Kavu.

"Mzee, limeacha?"

"Limeachaje? Limeachishwa."

Akainama kwenye ile pembe. Akagusa kwa kidole, akanusa. Tabasamu likaondoka.

"Umetia nini, mzee?"

"Dawa. Pamba na mafuta ya papa. Hiyo mpaka wajukuu zako wataikuta."

Akakaa chini sakafuni, pale pale kwenye majimaji. "Bwana Majid amekubali," akasema. "Amenipa siku nane."

"Basi huzihitaji."

"Gundi haishiki penye mafuta, mzee. Haishiki kabisa."

Ndipo nilipotazama juu. Mafuta yalikuwa yametanda usoni mwa maji, yanang'aa, na samaki wote wamepanda wanafumbua na kufumba midomo chini ya utando ule. Tuliwachota kwa vikombe tukawatia ndooni. Maji ya mvua yalikuwa yamekwisha, yaliyobaki ni ya kisima cha pale, ya chumvi. Asubuhi walikuwa wanaelea ubavu.

Siku tatu alikwangua. Aliosha kwa sabuni, kwa spiriti, kwa petroli, kwa majivu. Mafuta ya papa yanaingia ndani ya mbao za mninga, sembuse chini ya gundi na kwenye nyufa za kingo. Akapaka upya. Siku ya mwisho Majid akaja na wageni wake, akakunja pua kwa harufu, akabonyeza ile pembe kwa gumba, na gundi ikabanduka utepe mzima kama ganda la kitunguu.

"Nani kafanya uchafu huu?" akauliza.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, hatua tatu. Mimi ambaye kinywa changu hakijawahi kulala tangu nizaliwe, mimi niliyemsema meneja, dalali, padri na kila mtu katika mji huu. Nikatazama kandambili zangu.

"Ni mimi, bwana," Bonaventura akasema. "Niliharakisha."

Majid alimwita mjinga mbele ya wageni, akamtoa nje, akaamuru na lile tangi litolewe.

Bonaventura na mkewe waliondoka Jumatatu kurudi Newala. Bonaventura alikuja barazani kwangu na mkokoteni, akalishusha lile tangi la Majid, akalifuta vumbi kwa kiganja. "Nimekuachia, mzee," akasema. "Kazi yako ni nzuri. Niliirudishia pamba yako nikajaribu jana, ile pembe haivuji." Hakuwa ananikejeli. Laiti angenikejeli, ningempa majibu yake nikalala vizuri. Consolata alisimama nyuma yake na godoro kichwani, akanitazama.

"Mzee, leo huna neno?"

Nikalisogeza tangi ukutani.

"Shikamoo, mzee," Bonaventura akasema.

"Marahaba," nikajibu, na hilo ndilo lote nililoweza kumpa mtu yule.

Tangi liko hapa barazani mpaka leo. Mwaka uliofuata nilikwenda mwenyewe Rutamba kwa lori, na magoti haya, nikaleta majani na mizizi yake. Yalioza. Nikaleta mengine. Naosha mchanga wa mtoni, nakinga mvua, nakaa kwenye kigoda nayatazama, na vijana wakipita wananicheka.

"Mzee Abdulatifu! Unajenga bahari?"

"Siyo bahari," nawaambia. "Ni maji baridi."