Sweta la Safari za Bahi

Harufu ya sufu iliyolowa haipendwi na watu wengi, nami siwalaumu. Iko kati ya mbuzi aliyenyeshewa na godoro lililolaliwa miaka mingi. Mwaka nilipokuwa darasa la sita, nyumba yetu ya Mkonze ilinuka hivyo kila Jumapili asubuhi, kwa sababu Shangazi Mwajuma alikuwa ananunua masweta ya mitumba mnadani, yale makubwa ya kiume, anayafumua yote, anaufua uzi kwa sabuni ya mche, kisha anauanika kwenye kamba ukiwa umening'inizwa mawe ili mikunjo inyooke. Upepo wa Dodoma, ambao kila mgeni lazima aulalamikie, ulimfanyia kazi hiyo bila kinyongo. Ikifika adhuhuri uzi umekauka na kunyooka, na ile harufu ya dawa ya mitumba imebaki kwa mbali tu. Kazi yangu ilikuwa kuukunja uwe madonge. Nilikunja mengi kiasi kwamba hata sasa nikishika kamba yoyote iliyolegea, vidole vinaanza vyenyewe.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Sisi ni Warangi, na yeye alikulia vilimani Kondoa, ambako baridi haihitaji kuelezwa, ndiyo maana alijua kufuma tangu hajaolewa. Msimu ule mama alikuwa amekwenda kumuuguza bibi huko huko Kondoa, kwa hiyo nyumba ilikuwa mikononi mwa Shangazi: chakula, kuni, mimi, na hata baba. Baba alikuwa mfanyabiashara wa mpunga, mtu wa maneno machache na sauti kubwa. Majirani walimwogopa. Yeye alimwogopa Mungu na Shangazi, na sina hakika kama siku zote ni kwa mpangilio huo. Shangazi akisema jambo, baba alikohoa kidogo, akavaa kofia yake, akatoka. Jambo likawa limekwisha.

Mimi nilikuwa na mapenzi mengine. Kwenye ukumbi wa shule ya jirani kulikuwa na darasa la karate jioni, likiongozwa na kijana mmoja mchomelea mageti ambaye sisi wanafunzi wake tulimwita sensei. Alikuwa na makovu ya cheche mikononi na subira ya ajabu. Wasichana tulikuwa wachache, na suti nyeupe tulizovaa zilikuwa za klabu, zimefuliwa mpaka zimekuwa laini kama kanga ya zamani. Tulipiga gunia la mchanga, tulipiga pushapu kwa ngumi juu ya sakafu ya saruji, na vifundo vya vidole vyangu vikaanza kuwa vyeusi na vigumu. Nilivipenda vifundo hivyo kuliko kitu chochote mwilini mwangu. Shuleni nilikuwa naviweka juu ya dawati makusudi ili watu wavione.

Sensei hakuamini kwamba mtu anaweza kujifunza kupigana ndani ya kuta nne tu. Siku za likizo alitutoa nje. Tulikimbia kwenye mchanga wa korongo lililokauka, tukapanda majabali yaliyo nyuma ya Mkonze, tukala viazi vya kuchemsha huku tukitazama mabati ya mji yakimetameta kule chini. Mara moja kwa mwaka alipeleka kundi zima Haneti, kwenye vilima vya huko, kukaa siku kadhaa na kufanya mtihani wa mkanda juu ya mlima. Waliokwenda walirudi wakitembea tofauti. Nilitaka kwenda Haneti kama vile wengine wanavyotaka kwenda Maka.

Tatizo ni kwamba siku zilikuwa zilezile. Jioni ya karate ilikuwa jioni ya kufuma, na Jumamosi ya kupanda majabali ilikuwa Jumamosi ya kumpelekea Shangazi kazi za wateja. Nilifuma nikiwa njiani, nilifuma nikisubiri zamu yangu ya gunia, na mara moja nilikwenda kwenye majabali na sindano zikiwa zimetokeza kwenye begi. Kila mtu aliyenijua alikuwa na methali moja tu ya kunipa: mshika mawili moja humponyoka. Niliisikia kwa muuza duka, kwa mwalimu wa madrasa, kwa mama wa vitumbua. Nilianza kuichukia. Mtu ana mikono miwili, nikawa najiuliza, ya kazi gani basi?

Baba alivumilia mpaka siku alipouona mkono wangu vizuri. Nilikuwa namnawisha kabla ya kula, naye akaushika, akaugeuza, akavitazama vile vifundo. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema mkono ukizoea kupiga hauwezi tena kufuma, na msichana anayeharibu mkono wake anaharibu riziki yake. Shangazi, aliyekuwa anapakua ugali, akasema mkono haujaharibika. Baba akakohoa. Kisha akatoa sharti. Mavuno yakiisha angeanza safari zake za Bahi kununua mpunga, na huwa anaondoka na pikipiki mara baada ya swala ya alfajiri, wakati ule upepo wa mbugani unapopenya mpaka kwenye mbavu. Alitaka sweta. Nilifume mimi, mwanzo hadi mwisho, Shangazi asiguse hata kitanzi. Likimkaa vizuri siku ya kwanza ya safari, niendelee na karate yangu mpaka nichoke mwenyewe. Lisipomkaa, suti irudi klabu. Nilikubali haraka sana. Nilijua kufuma, na niliona baba amejiuza mwenyewe.

Mgongo wa sweta niliufuma mvua zikiwa bado zinanyesha, wakati ukumbi unavuja na mazoezi yamesimama. Ulitoka mzuri, wa rangi ya udongo, laini. Kisha mvua zikakatika, ukumbi ukakauka, na sensei akaanza kututayarisha kwa ajili ya Haneti. Tulipiga gunia mpaka mabega yakawa yanawaka. Kila nikitoka mazoezini nilikaa kwenye mkeka nikafuma kipande cha mbele, idadi ileile ya vitanzi, sindano zilezile, uzi uleule. Nilipomaliza, Shangazi alivilaza vipande viwili sakafuni, kimoja juu ya kingine, ili anionyeshe jinsi ya kuunganisha ubavuni. Havikukutana. Cha mbele kilikuwa chembamba kwa upana wa kiganja kizima, tena kigumu kama mfuko wa katani.

Nilihesabu vitanzi tena na tena, nikidhani nimeruka mahali. Sikuwa nimeruka. Shangazi hakuhesabu chochote. Alichukua mkono wangu wa kulia, akajaribu kuvinyoosha vidole, navyo vikarudi vyenyewe kujikunja nusu. Akaniambia nilichofuma ni ngumi. Wafumaji wanalijua jambo hili: kila mtu ana mkono wake, na ndiyo maana kazi aliyoianza mmoja haimaliziwi na mwingine, kwa kuwa itaonekana tu palipoachwa. Sikujua kwamba mtu mmoja naye anaweza kuwa na mikono ya watu wawili. Niliogopa sana. Sikumwogopa baba, niliogopa kwamba baba amesema kweli.

Shangazi akasema nifumue. Nikafumua kipande chote cha mbele jioni ile, nikakunja donge, na asubuhi yake nikapanda lori la kwenda Haneti nikiwa na donge hilo kwenye begi, juu ya suti nyeupe. Siku zilizobaki zilikuwa chache, maana baba alishaanza kuipaka pikipiki grisi. Wenzangu waliniita Bibi njia nzima. Tulilala kwenye madarasa ya shule, asubuhi tukapita katikati ya mashamba ya alizeti iliyokwishakatwa vichwa, tukapanda mlima upepo ukitusukuma vifuani. Juu kulikuwa na jabali bapa pana, na hapo ndipo tulipofanyia mazoezi, tukipiga hewa kuelekea bondeni. Sensei alipita nyuma ya kila mmoja. Kwangu alisimama muda mrefu.

"Unakunja ngumi tangu kiunoni," akasema. "Utafika umechoka. Mkono uache ulegee njia yote, ukunje pale unapofika tu. Ukishafika, legeza tena."

Ningependa kuandika kwamba mbingu zilifunguka. Hazikufunguka. Nilijaribu, nikakosea, nikajaribu tena, na wakati wa mapumziko nikakaa pembeni ya jabali na sindano zangu kwa kuwa sikuwa na muda wa kupoteza. Ila nilipofuma mistari michache niliona uzi unapita bila kulia. Sindano zikikaza huwa zinalia, kamlio kadogo ka kukwaruza ambako nilikuwa nimekazoea kiasi cha kutokasikia. Sasa kalikuwa kimya. Nikanyoosha kipande juu ya goti, nikakilinganisha na kumbukumbu ya mgongo ulioachwa nyumbani, nikaona kinafanana. Siku ya mwisho nilipata mkanda wa njano, na kwenye begi nilikuwa na kifua cha baba kilichofika kwapani. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, wala sidhani kama nitaipata tena. Nilirudi Mkonze nikitembea tofauti.

Sweta lilikamilika siku moja kabla ya safari ya kwanza. Alfajiri baba alirudi kutoka msikitini, akalivaa, akanyoosha mikono mbele kama mtu aliyeshika usukani wa pikipiki. Akainama, akainuka. Akapapasa ubavuni mahali vipande vilipokutana. Shangazi alikuwa mlangoni na kikombe cha chai ya baba. Baba akasema limekaa. Akasema hajawahi kununua sweta lililomkaa hivyo. Nikaanza kutabasamu.

"Suti ya karate uirudishe klabu," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwambia, kwa adabu yote niliyokuwa nayo, kwamba aliahidi.

"Nilimwahidi mtoto anayejifunza," akasema. "Leo naongea na fundi. Mkono kama huu siutoi ukapigwe kwenye gunia."

Wahenga walisema chema chajiuza. Hawakusema kwamba wakati mwingine kinamuuza na aliyekitengeneza. Kama ningeshindwa ningeachishwa, na kwa kuwa nimeweza nimeachishwa. Mpaka leo sijaona mahali ambapo ningepita nikatoka. Lakini si baba niliyemtazama asubuhi ile. Nilimtazama Shangazi. Alikuwa mtu pekee duniani ambaye baba asingembishia, na neno lake moja lingetosha. Aliyatazama masweta ya wateja yaliyorundikana kwenye kiti, akanitazama mimi, akampa baba kikombe. Baba akanywa, akawasha pikipiki, akaenda Bahi. Niliumia sana, na niseme wazi kwamba Shangazi aliniumiza zaidi ya baba. Baba alivunja ahadi kwa kuwa alinithamini vibaya. Shangazi alijua anachofanya.

Sikumchukia. Tulifuma pamoja miaka mingi baadaye, akanifundisha yote aliyoyajua, nami nilimwosha mikono alipokuwa hawezi kuinua kikombe. Hakuwahi kuligusia jambo lile, nami sikumuuliza. Baba alilivaa sweta hilo mpaka viwiko vikatoboka, akawa analisifia kwa kila mpanda bodaboda aliyekutana naye mbugani. Sifa hizo zilinifikia moja moja, kwa kuchelewa, kupitia kwa watu wengine.

Sasa nina duka la masweta ya shule hapa hapa Mkonze, na mashine ya kufumia ambayo haina mkono wa mtu: asubuhi na jioni inatoa kitu kilekile. Sifumui mitumba. Mji umepanda mpaka kwenye yale majabali tulikokuwa tukila viazi. Kuna nyumba za ghorofa na ukuta wenye nyaya za umeme. Wasichana wa karate wanapita barabarani na suti zao nyeupe, makundi kwa makundi, na hakuna anayegeuza shingo kuwatazama. Ninageuza mimi. Jumamosi nyingine nafunga duka nikapanda kilima na akina mama wenzangu, tukirudi tunalalamika magoti. Mtu akiniuliza kama maisha yamenitendea vibaya nitasema hapana, na sitakuwa nimedanganya. Riziki ninayo, na mikono yangu iko mizima.

Muhula uliopita aliingia baba mmoja na binti yake, msichana wa kama umri wangu wa wakati ule. Wakati nampima niliona vifundo vyake. Baba mtu aliona nimeviona, akacheka kwa aibu, akaniuliza kwa kuwa mimi ni mtu wa kazi za mikono: hii karate yao haitamharibu mtoto? Nilimwambia haiharibu. Akasema anafikiria kumwachisha, maana anasikia binti ana kipaji cha kuchora. Msichana alikuwa anaangalia sakafu. Sikuongeza neno, ila nilipoandika vipimo vya sweta lake nilimwachia nafasi mabegani, kwa sababu wanaopiga gunia hutanuka hapo kabla ya mahali pengine popote.

Walipokuja kulichukua, binti alilivaa, na mabega yakaning'inia.

"Fundi, mbona limempwaya?" baba yake akauliza.

Nilikuwa nimeshika uzi mkononi. Nikauweka chini.

"Usimwachishe, kaka yangu," nikamwambia. "Atalijaza."