Mama Maranda na swali la siku ya thelathini

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Maranda anavua viatu mlangoni na kuingiza miguu katika kandambili za plastiki ambazo hazijawahi kutoka nje ya jengo hili. Anafunga koti lake jeupe hadi kifungo cha juu, anavaa glovu, na kabla ya kusukuma mlango wa pili anagonga kwa kidole mara mbili.

"Mmeamka, jamani?" anauliza.

Hakuna wa kumjibu. Chumba kizima ni cha panya weupe. Anagonga kwa sababu panya aliyeshtuliwa moyo humwenda mbio, na panya wa moyo mbio huwapa watafiti majibu yasiyo ya kweli. Hiyo ndiyo sababu rasmi.

"Halafu ni adabu tu," anaongeza, akinigeukia. "Wewe ungependa mtu akuingilie chumbani bila hodi?"

Ana miaka hamsini na mmoja, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza humu, akiwa mtunza wanyama katika maabara inayojaribu dawa za malaria. Panya wake wameambukizwa vimelea vya malaria ya panya, ambavyo havimdhuru binadamu. Dawa ikivishinda vimelea hivyo, watafiti wanapata moyo wa kuendelea nayo. Ikishindwa, inaishia hapa, kabla haijamfikia mgonjwa yeyote.

Jina la utani alilipata kwa yale maranda laini ya mbao anayowatandikia panya. Humganda nyweleni. Amewahi kusimama benki dirishani, na mhudumu akanyoosha mkono bila kuulizwa na kumtoa moja sikioni.

Leo hana utani mwingi. Ni siku ya thelathini ya jaribio, na ana swali ambalo limemkaa kifuani mwezi mzima.

Anavuta kigoda, anaketi mbele ya rafu na kuanza kukagua vizimba kumi na viwili, kimoja baada ya kingine. Hamshiki panya kwa mkia. Anakusanya viganja kama anayekinga maji, anamngoja apande mwenyewe. Macho yake hutazama vitu vitatu: manyoya, mgongo, mwendo. Manyoya yaliyosimama ni homa. Mgongo uliopinda ni maumivu. Aliyezidiwa hupumzishwa milele kwa gesi siku hiyohiyo, haachwi ateseke.

"Daktari ana hadubini," anasema. "Mimi nina kigoda."

Kisa chenyewe kilianza miezi minne iliyopita, kwenye jaribio la kwanza la dawa hiihii. Chakula cha panya ni vipande vigumu vya nafaka iliyoshindiliwa, navyo hukaa juu, kwenye wavu wa kizimba. Panya mzima huinuka akaguguna. Mgonjwa hawezi. Vizimba vya rafu ya chini vilikuwa usawa wa macho yake anapoketi, na kila siku aliwaona wakitazama juu na kukata tamaa.

"Roho iliniuma," anasema. "Nikaloweka vipande kwenye maji ya uvuguvugu, nikawawekea sakafuni. Kidogo tu. Sikumwambia mtu, maana sikuona kama ni jambo."

Lilikuwa jambo. Panya wa rafu ya chini, wote, walikuwa wamepewa dozi ndogo ya dawa mpya. Waliishi siku nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na maabara ikafurahi kweli. Dawa inayofanya kazi kwa dozi ndogo! Mtafiti anayeongoza jaribio, mwanaume mpole anayesahau miwani yake kichwani, alitembea wiki nzima akipiga mluzi.

Kisha mluzi ukakoma. Damu ya panya wale ilipowekwa chini ya hadubini ilionekana imejaa vimelea vilevile. Mama Maranda alikuwa akisukuma toroli ya vizimba vichafu kwenye korido alipomsikia mtafiti huyo akimwambia mwenzake, "Sielewi. Kwa damu hii walipaswa kuwa wamekufa. Ni nini kinachowaweka hai?"

Anasema aliisimamisha toroli palepale: jibu alikuwa nalo yeye.

Jioni, mezani, alimweleza mume wake, fundi viatu ambaye hana tabia ya kuzungusha maneno. Mzee alitafuna, akameza, akasema, "Ningekuwa mimi ningenyamaza. Lakini wewe ukinyamaza hutalala, na usipolala wewe, mimi silali. Nenda kaseme."

Kesho yake alikwenda kusema. Mkuu wa maabara, mwanamke wa maneno machache, alimsikiliza hadi mwisho, akainamisha kichwa.

"Miezi mitatu, mama," alisema. "Miezi mitatu ya kazi ya watu."

"Najua, bosi. Nimekosa."

Alipewa barua ya onyo, na aliistahili, yeye mwenyewe anasema hivyo. Kilichomshangaza ni swali lililofuata. Mkuu alimuuliza aliloweka vipande vingapi, kwa maji kiasi gani, kuanzia siku ya ngapi ya ugonjwa. Aliyaandika yote.

Jaribio likaanza upya. Panya arobaini na wanane, makundi manne: wasiopewa dawa, waliopewa dawa ya zamani, wa dozi ndogo ya dawa mpya na wa dozi kubwa. Safari hii vizimba vyote vilipata chakula kilicholowekwa, kwa kipimo kilekile na saa ileile. Kadi za vizimba zilibaki na rangi tu, na maana ya rangi ikafungiwa kwenye bahasha ndani ya kabati la mkuu. Dawa iliandaliwa na watu wa chumba kingine. Mama Maranda hakujua nani kapewa nini, na ndivyo alivyotaka.

Lakini swali lilibaki palepale. Wakipona, watakuwa wamepona kwa dawa, au kwa huruma yake?

Si swali la kazini peke yake. Kitindamimba wake aliugua malaria akiwa na miaka mitatu, na dawa ya kwanza haikumsaidia kitu. Ya pili ndiyo iliyomrudisha, baada ya siku sita ambazo mama huyu hakumbuki kama alizipitisha ameketi au amesimama. Sasa binti ni mshonaji, mwenye ulimi kama wa baba yake.

"Panya wa kazini anawagongea mlango," binti anacheka. "Akitokea mmoja jikoni kwetu, anamkimbiza na fagio hadi barabarani."

"Wa jikoni hana kadi," mama anajitetea. "Hajulikani katoka wapi."

Saa mbili asubuhi hesabu imekamilika. Rangi ya njano, hai kumi na mmoja kati ya kumi na wawili. Kijani, tisa. Buluu, hakuna. Nyeupe, hakuna. Njano huenda ni dawa ya zamani. Kijani je? Wakiwa ndio wale ambao hawakupewa dawa yoyote, basi ni chakula, na kazi yote imekwenda na maji.

Saa nne wanakutana ofisini kwa mkuu. Mama Maranda anakataa kiti. Bahasha inakatwa kwa mkasi, na mkuu anasoma taratibu. Nyeupe, hawakupewa dawa. Njano, dawa ya zamani. Buluu, dozi ndogo. Kijani, dozi kubwa ya dawa mpya.

Mtafiti anapiga meza kwa furaha. Mama Maranda anafunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Unaelewa, mama?" mkuu anamwambia. "Dawa inafanya kazi, ila si kwa dozi ndogo. Ungenyamaza, tungesonga mbele na dozi isiyotosha."

Anaelewa. Anaomba dakika tano, ananawa uso, anarudi kwa panya wake. Ishirini waliobaki lazima wapumzishwe leo, ili ini na ubongo wa kila mmoja vichunguzwe. Wenzake wamejitolea kumsaidia. Anawashukuru na kufunga mlango. "Mimi ndiye niliyewapokea," anasema. "Wasishikwe na mikono wasiyoijua."

Anapotoka, macho ni mekundu na hajaribu kuyaficha. Mwezi ujao ataanza kuwafundisha watunza wanyama wapya, kwa agizo la mkuu, na somo la kwanza amekwisha kulichagua: kosa lake mwenyewe, kuanzia kigoda hadi barua ya onyo. Kuhurumia ruhusa, atawaambia, ila uhurumie vizimba vyote na uandike.

Dawa yenyewe bado ina safari ya miaka, na huenda ikakwama njiani. Analijua hilo. Namuuliza, ikifika, angependa nini?

Anafikiri kidogo, huku akifuta kigoda kwa kitambaa.

"Mtoto wa mtu ameze kidonge, atokwe jasho, kisha aseme ana njaa," anasema. "Basi. Mama yake asijue hata kama mimi nipo."