Suti mbili za harusi moja: pacha wangu kafungwa maisha

Wakuu, salamu kutoka Likasi. Haya ni ya nyumbani kwetu, nayaandika kama yalivyotokea, sijaongeza chumvi. Vumilieni urefu.

Mimi ni pacha. Kyungu alitangulia kuzaliwa, mimi Kabange nikafuata.

Mnaowajua Waluba mnaelewa: mapacha, au mapasa kama tunavyosema huku, hupewa sawa. Mama hajawahi kutununulia shati moja.

Tukiwa na miaka kumi na tisa, Kyungu na wenzake wawili walimvamia mfanyabiashara aliyekuwa anarudi kutoka Kakanda. Yule baba akafa. Aliacha watoto, na hilo silisahau.

Siku hiyo mimi nilikuwa kitandani na malaria. Hadi leo sijui kama ningemzuia Kyungu au ningemfuata.

Hukumu ikawa perpétuité, yaani kifungo cha maisha. Wakili akatuambia tusitegemee kuachiliwa mapema. Ombi la msamaha halijajibiwa.

Mama alisikia yote. Ila ukimuuliza, anasema Kyungu atatoka tu.

Mwaka huu nimepata mchumba, Solange. Familia zilikubaliana kila kitu, kasoro tarehe. Mama alikataa kuipanga mpaka Kyungu atoke, maana mapacha hupambwa pamoja.

Solange alikuwa akiuliza kila wiki. Kisha akaacha kuuliza. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nilipompelekea Kyungu bukari (huku ugali tunauita hivyo, na mfungwa hulishwa na ndugu zake), nikamweleza. Alikula akamaliza. Mwisho akasema mama aje na suti zote mbili.

Ndiyo, mama alikuwa ameshonesha suti mbili za harusi. Fundi alizishona zote kwa vipimo vyangu, kama siku zote.

Jumapili tukazivaa pale uani mwa gereza. Mlinzi akatutania:

"Mapasa, musinichanganyishe. Nikikosea nikatoa ule wa kwetu, minye njo nitalala mu kitanda yake." Yaani akimtoa mfungwa badala yangu, atafungwa yeye.

Kyungu alicheka. Mama hakucheka. Suti ilimning'inia Kyungu. Mama aliishika kiunoni kwa vidole, akaitazama nafasi iliyobaki.

Kyungu akasimama bega kwa bega na mimi.

"Mama, tuangalie bien. Umetuona babili. Sasa wacha Kabange aoe."

Mama alituangalia sana, sote wawili. Kisha akasema, "Nitaipunguza."

Kesho yake akawapa wazee tarehe.

Wakuu, nilidhani mama haielewi hukumu. Kumbe aliielewa kuliko sisi. Alichotaka ni kutuona tumependeza pamoja, hata kama ni mara hiyo moja.

Sisemi Kyungu hakupaswa kufungwa. Lakini kijana wa miaka kumi na tisa kufungiwa mpaka uzee wake, hilo bado linanishinda.

Suti imeshapunguzwa. Imetundikwa nyumbani karibu na yangu, na mama akishika pasi, hupiga zote mbili.

Mwenye ndugu asiye na tarehe ya kutoka, nguo zake kwenu mmeziweka wapi? Nitasoma kila jibu.