Kengele ya Mwinjilisti Tomasi

Mikidadi Badru anauza vipuri vya baiskeli Mbugani, Kyela mjini. Minyororo, tairi na pedeli zimejaa kote, lakini rafu iliyo nyuma ya kichwa chake haina cha kuuza. Hapo amepanga vitu vya zamani vilivyotengenezwa kwa kumbukumbu: taa ya dinamo ya sherehe za Uhuru, nembo ya shaba ya mashindano, kifuniko cha mnyororo chenye jina la chama cha wakulima wa mpunga. Akianza kukueleza habari zake, chai yako inapoa.

Kitu kimoja alikitamani miaka mingi. Kanisa moja la Ipinda lilipotimiza nusu karne, wainjilisti wake walipewa baiskeli zenye kengele zilizochorwa msalaba na suke la mpunga. Zote zilishapotea, isipokuwa ya mzee Tomasi. Kila alipoombwa, mzee alicheka tu.

"Hii ndiyo inayomwambia mke wangu apakue chakula, bwana. Siwezi."

Mwaka jana Tomasi alifariki. Mikidadi alifunga duka akaenda msibani, na watu wakamsifu kwa kuwahi. Mfukoni alikuwa na spana.

Wanaume walikuwa wanachimba kaburi. Wanawake walikuwa ndani, wakiimba kando ya jeneza. Baiskeli iliegemezwa nyuma ya nyumba. Mikidadi akazunguka, akachuchumaa, akaanza kufungua nati. Ilikuwa imeshika kutu. Akaivuta kwa nguvu, spana ikateleza, kengele ikalia.

Ndani wimbo ukakatika.

Jeni, mjane wa Tomasi, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, miguu mitupu, khanga imemdondoka begani.

"Baba Ebeneza?" akamwita mumewe.

Uso wake ulikuwa umeng'aa. Kisha akamwona Mikidadi, akaiona na spana, na mng'ao ule ukazimika.

Wanawake wengine walikwisha kujaa mlangoni.

"Ililegea," Jeni akawaambia wenzake. "Shemeji Mikidadi amekuja kuikaza. Ndaga, shemeji. Asante."

Akaikaza, wote wakimtazama.

Hakukanyaga tena Ipinda. Mwezi uliopita Ebeneza, mtoto wa marehemu, alifika dukani kutafuta raba za breki.

"Mama anakusalimu sana," alisema.

Mikidadi hakuweza kuinua macho. "Mwambie mama yako sikwenda kukaza kitu. Nilikwenda kuiiba ile kengele."

"Anajua, baba," Ebeneza akajibu taratibu. "Alijua palepale. Alisema hakutaka uaibike mbele za watu."

Akachukua raba zake, akaaga kwa adabu.

Wateja wengine walikuwa wakingoja. Mikidadi aliwaomba radhi, akaingia stoo, akakaa juu ya boksi. Mkewe, Samira, alimkuta humo amefunika uso kwa mikono.

"Unaumwa?"

"Siumwi," akasema. Lakini alishindwa kutoka, na siku hiyo Samira ndiye aliyewahudumia wateja.