Nilivyokwenda Kuposa Nimevaa Kofia ya Anga

Jambo hili nimelikalia kimya mwaka mzima, na ningeendelea kulikalia, lakini Kyerwa wameshalijua lote na huku Karagwe wanalisimulia vibaya (kuna mtu kasema nilikuwa nimevaa sufuria), kwa hiyo afadhali mlisikie kwangu mwenyewe niliyelivaa kichwani.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu niliyejitengeneza. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza vizuri kwa sababu msimu wa kahawa ulinikuta, lakini leo hii ukifika Kituntu ukaulizia duka la vifaa vya ujenzi watakuonyesha langu kabla hujafunga mdomo. Kabla ya duka nilikuwa na kibanda cha video, cha kwanza pale kwetu, jenereta langu, televisheni yangu ya chogo, mabenchi nimepigilia mwenyewe. Wenzangu walipenda picha za ngumi, mimi nilipenda za anga, zile za watu wanapanda vyombo wanakwenda kwenye nyota na maroboti yanawafuata nyuma kama ng'ombe wanaokwenda mtoni, na nilikuwa naziweka hata kama benchi zima limebaki na watu wawili na mmoja wao amelala.

Basi kutoka hapo nikawa mkusanyaji. Wengine wanakusanya viwanja. Mimi nina roboti wa bati anayezungushwa ufunguo mgongoni na bado anatembea, nina chombo cha anga kilichopoteza bawa moja, nina bastola za kuwaka taa, nina mikanda ya video ambayo mashine ya kuichezesha sijui kama bado ipo Kagera hii, na mabango yote niliyokuwa nayabandika mlangoni pa kibanda. Vyote vimo kwenye kabati la vioo sebuleni. Kabati hilo mke wangu, Mama Mugisha, alinunua kwa ajili ya sahani zake. Sahani ziko kwenye beseni chini ya meza tangu wakati huo, na kila mgeni akija anaoneshwa beseni pia, ili ajue.

Sasa, mwanangu mkubwa Mugisha alimpata binti Songambele, anaitwa Kokugonza, mwalimu, mtoto wa Mzee Kabyemera ambaye ni mzee wa kanisa na mtu asiyecheka ovyo. Mara ya kwanza ya kubisha hodi sikwenda. Nasema ukweli, nilikwenda Bukoba kumfuata yule roboti wa bati kwa sababu nilisikia kuna mtu mwingine anamtaka. Wakaenda wadogo zangu. Mzee Kabyemera akawapokea vizuri, akawapa chakula, halafu akawaambia mara ya pili wasije kabisa kama baba wa kijana hayupo, maana yeye hamtoi mtoto kwa mtu asiyemjua sura. Atamkaribisha, atampa amwani kwa mkono wake, amwone anatafuna, ndipo wazungumze.

(Kwa msiotoka kwetu, amwani ni kahawa yetu ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri zikakaushwa. Mgeni anapewa kwenye kikapu kidogo. Usipoipokea, au ukapokea usitafune, umemwambia mwenye nyumba kwamba huna imani naye, na hapo hata kama ulikuja kuomba moto wa kuwashia jiko utarudi na baridi yako.)

Mugisha alinibembeleza wiki nzima. Baba, siku hiyo usisafiri. Nikamwambia mwanangu, mimi nikiingia pale hata mchungaji atasimama.

Jumamosi yenyewe ikafika. Siku moja kabla, Mama Koku anayeuza mitumba Kayanga (huyu hana undugu na Kokugonza, ila akifungua belo la vitu vya watoto ananiwekea pembeni vya kwangu) alikuwa amenipatia kofia. Siyo kofia ya jua. Kofia ya askari wa anga, ya kufunika kichwa chote mpaka shingoni, plastiki ngumu nyeupe iliyoanza kuwa rangi ya samli kwa uzee, macho ya kioo cheusi, mdomoni kijiupenyo kama cha kutumbukizia sadaka, na kidevuni kitufe. Ukibonyeza kitufe inatoa mlio wa bunduki ya mwanga, halafu sauti nzito ya Kiingereza inaamuru. Nilikuwa nimeshaiwekea betri mpya kutoka dukani kwangu mwenyewe.

Asubuhi ile nimevaa kanzu, koti juu, viatu vinang'aa, nikajiangalia kwenye kioo cha kabati nikaona nimependeza, na kofia ile hapo. Nikasema niivae dakika moja tu, Mugisha anipige picha niwatumie wakusanyaji wenzangu kwenye simu, waone mtu wa Kituntu. Uamuzi ni huo tu. Dakika moja.

Ikaingia kwa shida kidogo, ikapita kidevu, picha ikapigwa. Kutoka ikakataa. Shingoni ilikuwa na duara la mpira, na mpira umekaa miaka mingi mpaka umekuwa kama jiwe, umekubali kushuka lakini haukubali kupanda. Mugisha akavuta, masikio yangu yakabaki ndani yanalia. Mama Mugisha akaleta sabuni ya maji, ikaingia machoni. Akaleta samli. Nikawa nateleza vizuri sana humo ndani, lakini sitoki.

"Baba Mugisha," akasema, "dukani kwako kuna misumeno ya chuma imejaa ukuta. Tuikate."

Nikamwambia kofia hii iko moja tu Kagera nzima, haikatwi. Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoiharibu siku, wala simlaumu Mama Koku. Nikasema twende, njiani jasho litailegeza. Na kuahirisha hakuwezekani, maana Mzee Kabyemera angesema sasa ni mara ya pili. Mugisha akaniangalia, akachukua ufunguo wa pikapu.

Tukapitia Mabira kumchukua mshenga wetu, Mzee Byabato, ambaye kwa heshima ya kwetu tunamwita Ta Byabato, msemaji ambaye hajawahi kushindwa. Aliponiona alishika mlango wa pikapu, akauachia, akaushika tena. Kituo cha bodaboda wote walisimama, mmoja akawaambia wenzake tazameni mzee huyu, yuko kwenye gari na bado amevaa helmeti, nyinyi mnaambiwa kila siku hamsikii. Nikampungia mkono. (Hilo tu ndilo jema lililotokea njiani.) Jasho lilikuja kweli, jingi, lakini halikulegeza chochote, lilichanganyika na samli tu.

Tulipofika Songambele, Mugisha alibaki garini kama desturi inavyotaka siku hiyo, ameshika usukani kwa mikono miwili kama bado anaendesha. Sisi tukaingia, mimi, Mama Mugisha na Ta Byabato. Watu zaidi ya thelathini, mikeka imetandikwa, na wote waliokuwa wakizungumza wakanigeukia kwa pamoja. Wajukuu wa mle ndani wakaniamkia shikamoo kwa uoga, mmoja akamwamkia na Ta Byabato mara mbili ili asinitazame tena.

Ta Byabato akasimama. Nilitegemea aseme ukweli kwa maneno mazuri. Yeye akasema waitu, yaani ndugu zetu, baba yetu huyu ana maradhi ya macho, daktari wa mjini amemwekea kifaa, haruhusiwi mwanga, lakini kwa upendo wake kwenu ameinuka kitandani akaja. Watu wakasema pole. Nami nikainamisha kichwa kama mgonjwa.

Sikujua kwamba aliyekaa karibu na mlango, mama mnene wa kitenge cha bluu, ni shangazi wa binti, Ma Evelina, aliyekuwa muuguzi Muleba mpaka akastaafu. Sikuona upande, kofia haina upande. Nilimsikia tu akisema kwa upole kwamba kifaa cha namna hiyo hajawahi kukiona.

Ikaja sala. Mzee Kabyemera aliomba sala ndefu, ya mtu anayejua kuomba, akawaombea watoto, akaombea nyumba mbili ziwe moja, mpaka moyo wangu ukalainika, na aliposema amina nikaitikia kwa kuinamisha kichwa kwa nguvu. Kidevu cha kofia kikagonga kifua. Fyuu, fyuu, fyuu. Halafu ile sauti ikanguruma Kiingereza chake chote.

Bibi mmoja kizee, nyuma kabisa, akauliza mgonjwa anasemaje.

"Anasema tuweke silaha chini," Ma Evelina akajibu, "chombo chetu kimezingirwa."

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningepona. Ta Byabato akakohoa, akasema hiyo ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Mzee Kabyemera akachukua kikapu kidogo cha amwani, akaja mpaka mbele yangu, akakishika kwa mikono miwili. Nami nikapokea kwa mikono miwili, nikachukua buni tano, nikapeleka mdomoni. Mdomo ulikuwa mbali na kile kijiupenyo. Nikasukuma buni ya kwanza, ikapita, ikakosa midomo, ikaanguka kidevuni ndani. Ya pili ikaenda shavuni ikanasa kwenye samli. Nilisukuma zote tano, halafu nikaanza kutafuna hewa, nikitafuna taya linacheza na buni zinacheza, kwacha kwacha, kama kayamba ya kwaya, na kila nikitafuna sana kile kitufe kinataka kubonyea.

"Umemeza?" Mzee Kabyemera akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali. Kwacha kwacha. Fyuu, fyuu, fyuu. Wekeni silaha chini.

Akarudi kwenye kiti chake taratibu, akakaa.

"Nilisema nataka nimwone baba wa kijana," akasema. "Binti yangu ni mmoja. Sitampeleka nyumba ambayo baba mtu amejifunika na msemaji wake ananidanganya mbele ya sala. Kama hamna la kusema, chakula kipo, kuleni, halafu mrudi salama."

Jamani, mnajua kuambiwa kuleni halafu mrudi salama ni nini. Nikageuka mwili mzima (maana shingo haigeuki) nikatazama nje kupitia mlango, nikaona pikapu, na Mugisha ameshusha kioo ili asikie. Alikuwa amesikia. Aliachia usukani, akaweka mikono mapajani, akawa anaitazama mikono yake. Mtoto wangu sijawahi kumwona hivyo, hata siku aliyovunjika mguu.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti yangu, ingawa ilitoka kama mtu aliye ndani ya pipa: "Mzee mwenzangu, siumwi. Ni kofia ya kuchezea watoto. Niliivaa kwa majivuno, imekwama, na nilikataa ikatwe kwa sababu iko moja. Naomba msumeno."

Mke wangu, ambaye tangu tuingie hakuwa amefungua mdomo, akafungua mkoba wake wa kanisani, akatoa msumeno wa chuma, mpya, bado una karatasi ya dukani kwangu.

"Niliuchukua tukiwa tunatoka," akasema. "Baba Mugisha namjua."

Mzee Kabyemera akavua koti. Kumbe ujana wake alikuwa seremala. Ma Evelina akasukuma kitenge katikati ya mpira na shingo yangu asije akanikata, akanishika kichwa kwapani kama mtoto anayechomwa sindano, na mkwe wangu mtarajiwa akaanza kukata usawa wa sikio, kutoka shingoni kwenda utosini na kushuka upande wa pili, taratibu, akisimama kupuliza unga. Kila akivuta msumeno kofia inatetemeka, kitufe kinashtuka, nayo inaamuru tujisalimishe. Safari ya nne wakaanza kucheka wajukuu. Ya tano kile kibibi cha nyuma kikasema jamani si aambiwe tumeshajisalimisha. Hapo nyumba nzima ikaanguka kicheko.

Sitaki kusema kama nililia ilipopasuka. Nilikuwa na sabuni machoni.

Kofia ikafunguka vipande viwili kama papai. Nikatoka, uso unang'aa samli, masikio mekundu, buni mbili kwenye ndevu na moja imegandamana shavuni. Mzee Kabyemera akanitazama muda mrefu, akapangusa msumeno kwenye suruali yake. Mimi nikaitoa ile buni ya shavuni kwa vidole viwili, nikaitia mdomoni mbele ya watu wote, nikaitafuna. Ilikuwa na ladha ya sabuni ya maji. Nikaimeza.

"Sasa nimekuona," akasema, na ndipo nilipomwona anacheka, akicheka hana sauti, mabega tu. "Sasa semeni mlichokuja kusema."

Ta Byabato akataka kuanza upya. Akaambiwa akae, nikasema mwenyewe.

Kokugonza yuko kwetu sasa, na harusi ilikuwa kubwa, kubwa kuliko yoyote iliyowahi kufanyika Kituntu (ulizeni). Kwenye mambo ambayo ukweni walituandikia tuyatimize, la mwisho, kwa mkono wa Mzee Kabyemera mwenyewe, lilikuwa baba wa bwana harusi aje kichwa wazi. Nilikwenda kichwa wazi. Na kabati nimeligawa, rafu mbili za juu ni za sahani, na vilivyomo kwenye rafu zangu navitazama kupitia kioo tu, sivai, siingizi hata kidole, nimeapa mbele ya mke wangu na mke wangu ana msumeno.

Nusu ya kofia ninayo, ile ya nyuma. Nusu yenye macho aliibakiza mkwe Songambele. Ameisugua, ameigeuza chali, ndiyo anayowekea amwani za wageni. Nikienda kuwaona ananiletea humo humo, mbele ya watu, amenyoosha uso kabisa. Nami napokea kwa mikono miwili, natafuna mpaka anione nimemeza.

Lakini niwaambie, kofia ya anga inayopokelea wageni iko moja tu duniani, na ni yangu.